Waraka Uliotaka Idara ya Kiingereza Ivunjwe

Ijumaa ya tarehe 20 Septemba 1968, Bodi ya Kitivo cha Sanaa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi ilikaa kikao chake cha 42. Kati ya makabrasha yaliyofika mezani siku hiyo ilikuwamo karatasi ya kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza, Dakta James Stewart, juu ya maendeleo ya kitivo na uhusiano wa idara zake. Yalikuwa mambo ya kawaida ya vyuo: idara ipi ikue, ipi ishirikiane na ipi, lugha zipi zipewe nafasi. Wiki tano baadaye, tarehe 24 Oktoba, wasomi watatu wa chuo hicho waliijibu karatasi ile kwa waraka wao wenyewe. Walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake iundwe Idara ya Fasihi na Lugha za Kiafrika.

Wa kwanza alikuwa James Ngugi, mhadhiri wa miaka 30 kutoka Limuru, ambaye tayari alikuwa na riwaya tatu madukani: Weep Not, Child, The River Between na A Grain of Wheat. Wa pili alikuwa Henry Owuor-Anyumba, mtafiti wa muziki na nyimbo za jadi, aliyekuwa ameandika juu ya nyimbo za maombolezo ambazo Waluo huzipigia nyatiti. Wa tatu alikuwa Taban lo Liyong, mshairi na mhakiki asiyeogopa ugomvi, aliyekuwa ametoka karibuni Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata shahada ya uzamili katika uandishi wa kubuni. Mwaka 1965 Taban alikuwa amewachokoza wasomi wa eneo zima kwa makala katika jarida la East Africa Journal, akidai kwamba Afrika Mashariki inaugua ukame wa fasihi.

Stewart anastahili kutendewa haki, maana masimulizi mengi ya kisa hiki humpitia mbio kana kwamba alikuwa kizingiti tu cha kurukwa. Karatasi yake ilikubali kwamba idara haina budi kupunguza Uingereza wake. Alitaka ifungue milango kwa maandishi ya Kiingereza kutoka Marekani, Karibiani na Afrika, na hata kwa fasihi ya Ulaya bara kwa ajili ya ulinganishi. Aligusia pia nafasi ya lugha za Kiafrika, hususan Kiswahili. Kwa mizani ya wakati ule, hayo yalikuwa mawazo ya mtu mwenye nia njema.

Lakini karatasi hiyo ilisimama juu ya msingi mmoja, nao ulikuwa huu: kazi ya idara ni kufuatilia mwendelezo wa kihistoria wa utamaduni mmoja, yaani ule uliozaa Magharibi ya leo. Hapo ndipo watatu wale waliposhika. Kama ipo haja ya kusoma mwendelezo wa utamaduni mmoja, waliuliza, kwa nini utamaduni huo usiwe wa Afrika?

Leo swali hilo linasomeka kama jambo lililo wazi. Kwa wakati wake lilikuwa zito, na uzito wake hauonekani bila kujua jinsi vyuo vya Afrika Mashariki vilivyojengwa. Nairobi ilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Nyuma ya muungano huo kilisimama Chuo Kikuu cha London, ambacho tangu mwaka 1949 kilikuwa na uhusiano maalumu na Makerere: mitaala ilipitishwa London, na shahada zilikuwa za London. Kijana aliyesoma Kiingereza pale Kampala miaka ya 1950 alianzia kwa Chaucer, akapita kwa Shakespeare na Milton, akaishia kwa T. S. Eliot. Wengi wa walimu wake walikuwa wamenywa kisima kimoja, mafundisho ya F. R. Leavis wa Cambridge, aliyeamini kwamba riwaya chache kubwa za Kiingereza zinatosha kumlea mtu mwenye maadili na hukumu njema.

Ngugi aliingia Makerere mwaka 1959 na akapita njia hiyo hiyo. Mwandishi aliyemchagua kwa uchambuzi wa kina alikuwa Joseph Conrad. Hakuna ubaya wowote katika kumsoma Conrad. Tatizo ni kwamba yale ambayo kijana huyo alikuwa ameyaona kwa macho yake, kwa mfano kurudi nyumbani kutoka shule ya bweni wakati wa hali ya hatari ya enzi ya ukoloni na kukuta kijiji chake kimebomolewa, hayakuwa na mahali popote katika mtihani. Ilimbidi ayaandike pembeni, katika hadithi na riwaya alizozitunga usiku, huku mchana akifunzwa kwamba fasihi yenyewe hasa hutungwa kwingine.

Juni 1962 Makerere iliandaa mkutano wa waandishi wa Kiafrika ambao hadi leo hutajwa kama sherehe ya kuzaliwa kwa fasihi mpya ya bara. Chinua Achebe alikuwapo. Wole Soyinka, Christopher Okigbo na Ezekiel Mphahlele walikuwapo pia, na kutoka Marekani alifika Langston Hughes. Ngugi, mwanafunzi bado, alipata fursa ya kumkabidhi Achebe mswada wake ausome. Kwa kijana wa umri wake, hiyo ilikuwa bahati isiyopimika.

Shaaban Robert hakualikwa. Mkutano ulikuwa wa waandishi wanaotumia Kiingereza, naye aliandika Kiswahili. Mshairi mkubwa kuliko wote aliokuwa nao ukanda huu, mwenye diwani, tenzi, riwaya na insha ambazo watu wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam walizisoma kwa furaha, alikosa sifa ya kuingia katika mkutano wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika Afrika Mashariki. Alifariki mwezi huo huo wa Juni. Miaka mingi baadaye Ngugi mwenyewe aliitaja dosari hiyo kwa uchungu, na hakuishia kwenye majuto: aliifanya kuwa mojawapo ya hoja zake kuu dhidi ya mfumo uliomsomesha. Mwaka mmoja tu baada ya mkutano, Mnaijeria Obi Wali alikuwa ameshaandika katika jarida la Transition kwamba fasihi ya Kiafrika inayotegemea lugha za Ulaya inaelekea pasipo na njia. Wengi walimkasirikia.

Kutoka Makerere, Ngugi alikwenda Chuo Kikuu cha Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1964. Huko walikuwapo Grant Kamenju wa Kenya na Pio Zirimu wa Uganda. Kamenju alirudi kutoka Paris siku moja na kitabu cha Frantz Fanon juu ya viumbe waliolaaniwa wa dunia, nacho kikapita mkono kwa mkono miongoni mwa wenzake. Baada ya masomo, Ngugi alifundisha Nairobi, Kamenju akaenda Dar es Salaam, Zirimu akarudi Makerere. Kila tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki likawa na mtu wa kundi lile la Leeds. Mtu akilijua hilo, anaona kwamba waraka wa Oktoba 1968 haukuzuka kutokana na kikao kimoja wala hasira za wiki tano. Ulikuwa umeiva kwa miaka kadhaa, na karatasi ya Stewart iliupa tu nafasi ya kutoka.

Waraka wenyewe haukuwa mrefu. Waandishi wake walikwepa shutuma ambayo walijua ingewafikia kwanza, ile ya ubaguzi wa kinyume. Walieleza kwamba hawatafuti kuzifungia nje fasihi za wengine. Walitaka mpangilio ubadilike: Kenya na Afrika Mashariki ziwe kitovu, kisha Afrika nzima, na mengine yote yapimwe kwa uhusiano wake na kitovu hicho. Mwanafunzi asome kwanza fasihi simulizi ya watu wake, kisha fasihi ya Kiswahili pamoja na fasihi za Kiarabu na Kiasia zilizohusiana nayo, fasihi ya kisasa ya Kiafrika, na kozi teule ya fasihi ya Ulaya. Maandishi ya watu weusi wa Karibiani na Marekani yalipewa nafasi yake kama ndugu wa damu. Kuhusu lugha, waraka ulipendekeza tatu zisomwe kwa lazima: Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa.

Pendekezo la fasihi simulizi ndilo lililokuwa na ujasiri kuliko yote. Hadi hapo hadithi za bibi, vitendawili, methali na nyimbo za jando zilihesabiwa kuwa mali ya wanaanthropolojia, wenye kuzipima kama ushahidi wa mila. Waraka ulisema hizo ni sanaa, zinaishi, na zinaweza kumfundisha mwanafunzi mambo ambayo kitabu hakiwezi: kutunga papo kwa hapo, kuunganisha neno na ngoma na mwili, na kuitambua hadhira kama mshiriki wa kazi. Sauti ya Owuor-Anyumba inasikika wazi katika sehemu hii. Inasikitisha kwamba jina lake ndilo linalosahauliwa zaidi kati ya matatu.

Mjadala uliofuata uliendelea kwa miezi mingi, na katikati yake chuo kikakumbwa na dhoruba nyingine. Mapema mwaka 1969 serikali ilimzuia kiongozi wa upinzani, Oginga Odinga, kuzungumza na wanafunzi chuoni. Wanafunzi waligoma na chuo kikafungwa. Ngugi alijiuzulu kupinga namna uongozi wa chuo ulivyoshindwa kuutetea uhuru wa kitaaluma. Alikwenda Makerere kwa mwaka mmoja, kisha Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani. Kwa hiyo mtu ambaye ulimwengu unamhesabu kuwa ndiye aliyeivunja Idara ya Kiingereza hakuwapo Nairobi wakati sehemu kubwa ya kazi ya kuivunja ilipokuwa ikifanyika.

Kazi hiyo ilifanyika chini ya mkuu wa idara aliyeanza mwaka 1969, Andrew Gurr, mtaalamu wa Shakespeare. Gurr aliishika idara hadi mwaka 1973. Baadaye alijulikana duniani kwa utafiti wake juu ya majumba ya michezo ya London katika zama za Elizabeth wa Kwanza, na alikuwa mshauri wa kitaalamu wakati jumba la Globe lilipojengwa upya. Kwamba mtu wa aina hiyo alisimamia kung'olewa kwa Uingereza katikati ya mtaala ni jambo la kumpa heshima. Mageuzi ya chuo hayafanywi na wenye kuandika waraka peke yao. Lazima awepo mtu wa kukaa katika kamati, kupanga saa za mihadhara, kutafuta walimu na kuagiza vitabu.

Matokeo yake yalikuwa idara mbili. Moja ya Fasihi, nyingine ya Isimu na Lugha za Kiafrika. Jina la Idara ya Kiingereza likatoweka, na mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjika na kila nchi kubaki na chuo chake, Nairobi iliingia katika uhuru wake wa kitaaluma ikiwa na sura hiyo mpya.

Ni katika mwaka huo pia James Ngugi alipoacha kuwa James. Machi 1970 alialikwa kuzungumza katika mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki jijini Nairobi, akaanza kwa kukiri kwamba yeye si mtu wa kanisa na wala si Mkristo. Alipomaliza, mzee mmoja alisimama akitikisa bakora yake, akamwambia kwamba ni Mkristo, na ushahidi ni jina lake. Tangu hapo akajulikana kwa jina la Ngugi wa Thiong'o. Alirejea Nairobi mwaka 1971, na mwaka 1973 akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Idara ya Fasihi.

Miaka ya mwanzo ya 1970 ilikuwa msimu wa neema katika idara hiyo. Okot p'Bitek, mtunzi wa Song of Lawino, alikuwa chuoni akifundisha fasihi simulizi kwa moto uleule aliokuwa nao mwaka 1968 alipoanzisha tamasha la sanaa mjini Kisumu. Wanafunzi walipewa kazi ya kwenda vijijini kwao wakati wa likizo na kurudi na hadithi, nyimbo na majina ya waliozisimulia. Mwaka 1972 Taban alihariri mkusanyo wa fasihi simulizi uitwao Popular Culture of East Africa, kitabu kilichowapa walimu kitu cha kushika mkononi badala ya nadharia tupu. Kwa mara ya kwanza mama wa kijijini asiyejua kusoma akawa chanzo rasmi cha maarifa ya chuo kikuu, na kijana aliyekuwa amefunzwa kumwonea aibu alilazimika kuketi mbele yake na kusikiliza.

Septemba 1974 idara iliufikisha mjadala kwa walimu wa sekondari, katika mkutano uliofanyika Nairobi School juu ya ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika. Hatua hii hutajwa mara chache kuliko waraka wenyewe, lakini ndiyo iliyogusa watu wengi zaidi. Chuo kikuu cha wakati ule kilichukua vijana wachache mno. Shule ndizo zilizokuwa na taifa. Mapendekezo ya mkutano yalikutana na upinzani wizarani na hayakupita yote wala mara moja. Mwaka 1978 Eddah Gachukia na S. Kichamu Akivaga walihariri kitabu kilichokusanya hoja za mkutano huo. Kisha likaja wimbi la vitabu vya kiada: cha Jane Nandwa na Austin Bukenya mwaka 1983, cha Asenath Bole Odaga mwaka uliofuata, na cha Naomi Kipury kuhusu fasihi simulizi ya Wamaasai. Kila Mkenya wa kizazi cha mfumo wa elimu wa 8-4-4 aliyewahi kuulizwa katika mtihani aina za vitendawili au sifa za ngano alikuwa akijibu swali lililoanzia katika waraka wa 1968.

Idara pia ilitoka na jukwaa lake. Mwaka 1974 ilizaliwa Free Travelling Theatre, kundi la wanafunzi lililozunguka Kenya likiigiza bila kiingilio, huku mwandishi wa tamthilia kutoka Uganda, John Ruganda, akiwa miongoni mwa waliolisukuma mbele. Mwaka 1976 Ngugi na Micere Githae Mugo, waliokuwa wakifundisha pamoja, walichapisha The Trial of Dedan Kimathi. Mwaka uliofuata Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kigikuyu na wakulima wa Kamirithu wakaiigiza, chini ya uongozaji wa Kimani Gecau wa idara hiyo hiyo. Kibali cha onyesho kilifutwa Novemba 1977. Mwisho wa Desemba Ngugi alikamatwa na kuwekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila mashtaka, na alipotoka mwaka mmoja baadaye hakurudishwa kazini. Micere alichaguliwa mkuu wa Kitivo cha Sanaa mwaka 1980, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo chuoni hapo, na mwaka 1982 naye akalazimika kukimbilia uhamishoni. Idara iliyokuwa ikivuma eneo zima ilipoteza watu wake mmoja baada ya mwingine.

Hadi hapa kisa hiki kinasimuliwa sana, na kinastahili. Kinachosimuliwa kidogo ni sehemu ya waraka iliyohusu Kiswahili.

Waandishi wale watatu waliiweka fasihi ya Kiswahili ndani ya masomo ya fasihi, karibu kabisa na kitovu. Idara zilipogawanywa mbili, Kiswahili kilikwenda upande wa isimu na lugha, na baadaye kikapata idara yake chenyewe. Idara ya Fasihi ilibaki na Achebe, Soyinka, Césaire, Lamming, Okot, na pia na hadithi za vijijini, ila lugha ya mihadhara, ya insha na ya mtihani ikaendelea kuwa Kiingereza. Mwanafunzi aliweza kuhitimu shahada ya fasihi Nairobi akiwa amesoma riwaya za Kirusi katika tafsiri ya Kiingereza na asifungue hata kurasa kumi za Muyaka bin Haji au Shaaban Robert. Kitovu kilihamia Afrika. Lugha ya kukizungumzia kitovu hicho haikuhama.

Hasara ya mgawanyo huo inaonekana vizuri mtu akitazama kilichokuwa kikitokea Kenya katika wiki zilezile za mjadala. Novemba 1968, mwezi mmoja baada ya waraka, kijana wa Mombasa aitwaye Abdilatif Abdalla, mwenye umri wa miaka 22, alisambaza kijitabu cha siasa kiitwacho Kenya: Twendapi? Alikamatwa Desemba na akaishia kutumikia kifungo cha miaka mitatu, peke yake chumbani. Humo gerezani alitunga mashairi juu ya karatasi za chooni, katika bahari za jadi za pwani, kwa lahaja ya Kimvita. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki na yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Kama wasomi wa Nairobi walikuwa wakitafuta fasihi ya Kiafrika yenye mizizi mirefu na yenye kusema na wakati wake, hii hapa ilikuwa imetungwa katika gereza la nchi yao. Bado makazi yake chuoni yalikuwa idara ya jirani, kwa wanafunzi wengine na walimu wengine.

Ngugi na Abdilatif walikuja kukutana katika kazi moja baadaye, London, miaka ya 1980, wote wawili uhamishoni, katika kamati iliyopigania kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa nchini Kenya. Wote wawili pia walikuwa wameandika kwa siri kwenye karatasi za choo cha gereza: mmoja mashairi ya Kiswahili, mwingine riwaya ya Kigikuyu ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani.

Dar es Salaam ilifuata njia tofauti. Mwaka 1970 chuo kikuu cha huko kilianzisha Idara ya Kiswahili iliyofundisha Kiswahili kwa Kiswahili, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani katika ngazi hiyo. Abdilatif mwenyewe alipotoka gerezani mwaka 1972 alihamia huko na kufanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, akawa mhadhiri, na akatunga na kuhakiki katika lugha moja. Ebrahim Hussein alikuwa ameshatoa Kinjeketile mwaka 1969. Ukosoaji, istilahi, tasnifu na ugomvi wa kishairi kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, vyote vilifanyika kwa Kiswahili, mbele ya umma uliovisoma hadi kwenye kurasa za magazeti. Hata Shakespeare alikuwa ameshaingia kwa mlango huo: Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri ya Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Dar es Salaam nayo ilikuwa na idara yake ya fasihi kwa Kiingereza, ambako Kamenju alifundisha, kwa hiyo ukuta kati ya lugha mbili ulikuwapo hata huko. Tofauti ni kwamba upande wa Kiswahili ulikuwa na nguvu za kutosha kuzalisha nadharia yake wenyewe.

Waraka wa Nairobi, kwa upande wake, ulisafiri mbali. Ngugi aliuweka kama kiambatisho mwishoni mwa Homecoming, mkusanyo wake wa insha wa mwaka 1972, na kutoka hapo ukaingia katika vitabu vinavyosomwa na wanafunzi wa nadharia ya fasihi kutoka Australia hadi Marekani. Wanafunzi wa Cape Town waliposhinikiza hadi sanamu ya Cecil Rhodes ikaondolewa mwaka 2015, mjadala uliofuata juu ya mitaala ulirudia maswali yake karibu moja kwa moja. Mwaka 2017 wanafunzi wa Cambridge waliandika barua ya wazi wakiomba kitivo chao cha Kiingereza kiongeze waandishi weusi na wa nchi zilizotawaliwa. Gazeti moja la London liliandika ukurasa wa mbele kana kwamba Cambridge imeamriwa kuwatupa waandishi wazungu, na baadaye likalazimika kuchapisha masahihisho. Cambridge ndiko alikofundisha Leavis, ambaye wanafunzi wa Makerere walilishwa mafundisho yake. Swali lililoulizwa Nairobi mwaka 1968 lilikuwa limechukua karibu nusu karne kufika huko.

Ngugi wa Thiong'o alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 87. Miaka minne kabla, kitabu chake kilichotungwa kwanza kwa Kigikuyu kilikuwa kimeingia katika orodha ndefu ya tuzo ya International Booker, cha kwanza kutoka lugha ya Kiafrika. Katika wiki za maombolezo, waraka wa 1968 ulitajwa kila mahali, mara nyingi kama ushindi uliokamilika.

Haujakamilika, na sehemu iliyobaki haihitaji jengo jipya wala mfadhili. Mwanafunzi wa sekondari Kenya bado anasoma fasihi mara mbili kwa wiki ileile: riwaya na tamthilia teule za Kiingereza kwa mwalimu mmoja, za Kiswahili kwa mwalimu mwingine, na hakuna anayemwomba aziweke upande kwa upande. Akifika Chuo Kikuu cha Nairobi anachagua idara moja na kuiacha nyingine. Idara hizo mbili zinaweza kukubaliana juu ya kozi za pamoja: utenzi wa pwani na ushairi wa Okot katika muhula mmoja, Kezilahabi na Soyinka katika mtihani mmoja, Sauti ya Dhiki kwa Kiswahili chake na insha za wanafunzi kwa lugha hiyohiyo. Bodi ya kitivo ipo, na bado hukaa vikao.